Vita vya 1914, mkonge au shule kongwe: klabu ya historia Tanga itengeneze filamu ipi?

Klabu ya historia ya sekondari mkoani Tanga ikiamua kutengeneza filamu ya makala, mazungumzo huishia kwenye mada tatu. Kuna vita vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lilipotua Ras Kasone likarudishwa baharini na Wajerumani, huku nyuki wakiwashambulia wapiganaji wa pande zote mbili. Kuna mkonge, pamoja na watu walioletwa kutoka mbali kuja kuukata, yaani manamba. Na kuna Shule ya Tanga, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1892 na kutoa kizazi cha kwanza cha makarani na walimu wa serikali. Zote tatu zina uzito, na yoyote kati yake inaweza kuharibikia mikononi mwa kundi ambalo halijapima nguvu zake.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka asipate tabu. Kundi lenye miezi minne au zaidi, na lenye njia ya kufika Muheza au Korogwe, lichague mkonge. Wenye historia hiyo bado wapo, wanaongea, na hawatakuwepo kwa muda mrefu. Vita vya 1914 vinaweza kusubiri miaka kumi mingine bila kupoteza kitu, maana kilichobaki ni karatasi na mawe ya makaburi. Shule nayo ina hali yake, nitaieleza. Kuna makundi ambayo vita au shule ndiyo chaguo sahihi, kwa hiyo msiache kusoma kwa sababu ya hukumu hii ya kwanza.

Nani bado yupo wa kusimulia

Kipimo hiki nakiweka mbele ya vingine vyote. Filamu ya makala isiyo na mtu anayesema "nilikuwepo" inaweza kuwa nzuri, lakini inahitaji ustadi mkubwa wa kuandika na kuhariri, na wanafunzi wengi hawajaufikia. Filamu yenye mtu wa namna hiyo hubebwa na sura na sauti yake hata pale kamera inapotikisika.

Kwa vita vya 1914 mtu huyo hayupo. Mtakachopata ni mjukuu au kitukuu anayesema babu yake alikuwa askari wa Wajerumani, au kwamba familia ilikimbilia mashambani meli zilipoonekana. Maelezo ya namna hiyo yana thamani yake, ila mara nyingi huwa ni sentensi mbili tatu, kisha msimulizi anageukia yale aliyoyasoma shuleni kama ninyi.

Shule ya Tanga iko katikati. Waliosoma huko enzi za Mjerumani wameshatangulia mbele ya haki wote. Waliosoma miaka ya 1950 na 1960 wapo, wengine ni walimu wastaafu, na hao ni watu wa kuzungumza kwa mpangilio: tarehe zinakuja, majina ya walimu yanakuja, na fimbo hawazisahau. Tatizo ni kwamba wengi wamezoea kutoa hotuba. Kazi yenu itakuwa kuwatoa kwenye hotuba na kuwarudisha bwenini.

Mkonge ndio wenye watu. Hesabu ni rahisi. Kijana aliyeweka kidole gumba kwenye mkataba mwaka 1960 akiwa na miaka 18 alizaliwa 1942, kwa hiyo leo amevuka themanini. Wachache wa umri huo bado wanaishi kwenye kambi zilezile walizoshushwa, kwa sababu mkataba ulipoisha hawakuwa na nauli, au walikuwa wameshaoa, au nyumbani walikotoka hakukuwa na mtu tena. Baada yao wanakuja wake zao na wanawake walioanika katani na kufanya kazi kwenye brashi, yaani mashine ya kusafisha nyuzi zilizokauka. Kisha watoto waliozaliwa kambini, ambao sasa nao ni wazee wa miaka sitini. Na duara la mwisho ni wanafunzi wenyewe. Katika madarasa ya Muheza na Korogwe wamo vitukuu vya Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde na Warundi waliokuja kwa mkataba na kuzikwa Tanga. Mwanafunzi wa namna hiyo anaanza utafiti jikoni kwao, kabla ya kuomba nauli kwa mtu yeyote.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu namna ya kuuliza, kwa sababu nimeona mahojiano mengi yakifa kwenye swali la kwanza. Wanafunzi hufika na karatasi, wanaamkia vizuri, wanakaa mkekani, halafu wanasoma: "Babu, tueleze hali ya maisha ya manamba wakati wa ukoloni ilikuwaje?" Mzee anajibu, "Maisha yalikuwa magumu sana, wajukuu zangu." Baada ya hapo kimya. Swali limempa kazi ya kuandika insha, naye hakuja kuandika insha.

Ulizeni vitu vidogo vyenye umbo. Babu, kengele ya kuamkia ilikuwa inapigwa saa ngapi? Ukichelewa, nani alikuwa anakuja mlangoni? Posho ilikuwa inatolewa siku gani, na unga ulikuwa unabebea kwenye nini? Kipande chako ulikuwa unakificha wapi usilowe mvua? Swali la kipande ni zuri mno, kwa sababu ndani yake umo mfumo mzima. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku uliyomaliza ngwe yako, yaani kipimo chako cha kazi ya siku, iliandikwa, siku uliyoishia njiani haikuhesabiwa, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda, na mtu aliyeugua malaria wiki mbili alijikuta anaufukuza mshahara mmoja kwa muda mrefu. Mzee akianza kueleza jinsi alivyokuwa akihesabu siku zilizobaki, mmepata dakika tano za filamu ambazo hakuna kitabu kingewapa.

Na mpeni kitu mkononi. Nimeshuhudia mzee mmoja karibu na Muheza aliyekuwa akijibu kwa neno moja moja hadi kijana wa klabu alipomletea jani la mkonge na kisu. Alilipokea bila kulitazama, akakata kwanza ule mwiba wa ncha, akauelekeza mbali na mguu wake, kisha akachana ukanda mwembamba wa jani lenyewe na kuonyesha fundo la kufungia mzigo. Mikono ilienda yenyewe. Alipomaliza alianza kusimulia bila kuulizwa: nyapara aliyehesabu mizigo, mwenzake aliyechomwa jichoni na mwiba, umande wa asubuhi uliofanya majani yateleze. Kama kamera ingekuwa imezimwa kusubiri "swali linalofuata", yote hayo yangepotea.

Karatasi, picha na mahali pa kusimama

Kwenye kipimo hiki vita vya 1914 vinashinda, tena kwa mbali. Karibu kila kitu kiko ndani ya mji na mnaweza kukifikia kwa miguu au bodaboda. Ras Kasone ndiko kikosi cha Waingereza kilichotoka India, watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kilianza kushuka usiku wa kuamkia Novemba 3. Mapigano makubwa yalikuwa Novemba 4, na siku iliyofuata waliobaki walirudi melini. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama elfu moja tu, wengi wao askari wa Kiafrika, na aliwawahisha kutoka upande wa Moshi kwa reli ya Usambara, ambayo ilikuwa imekamilika miaka mitatu tu kabla. Kwa hiyo mna ufukwe, mna mitaa, mna reli, mna makaburi. Mwanafunzi anaweza kutembea mbele ya kamera kuanzia ufukweni hadi mjini akieleza nani alikuwa wapi, na mtazamaji akaelewa bila ramani.

Nyaraka nazo zipo. Makumbusho ya Urithi Tanga, ndani ya boma la zamani, yana picha za mji wa wakati ule. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inaweka majina ya waliozikwa kwenye tovuti yake, na kuyatafuta ni bure. Hifadhi ya picha za kikoloni iliyoko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo imewekwa mtandaoni, na ina maelfu ya picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Mkonge una mandhari bora kuliko vita, ila nyaraka zake zinataka mguu. Kichwa cha hadithi kinajulikana: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Ujerumani, na iliyofika hai ikiwa ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo nchi ilifika kuzalisha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, ikiwa ya kwanza duniani. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, Azimio la Arusha likaja 1967 na mashamba mengi yakataifishwa, na miaka iliyofuata uzalishaji ukaporomoka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Hayo mtayapata kwenye vitabu. Habari za vibarua wenyewe, mikataba, migomo na malalamiko, ziko kwenye majalada ya kikoloni ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako mnahitaji barua, siku za kutosha na mtu mzima wa kuwaongoza. Ofisi za Bodi ya Mkonge ziko Tanga mjini, ni vyema kubisha hodi huko kwanza.

Picha za zamani za mkonge zina kasoro moja ambayo inaweza kugeuzwa kuwa nguvu ya filamu. Nyingi zilipigwa na mwenye shamba au mgeni wake. Tazameni kamera ilikosimama: mistari ya mkonge imenyooka, msimamizi yuko mbele na kofia, vibarua wako nyuma, wadogo, bila majina. Mwonyesheni mzee wa kambini picha hiyo kwenye simu na mrekodi anachosema. Mara nyingi atasema kitu kuhusu nguo, au zana, au mahali, ambacho mwenye kupiga picha hakukijua. Hapo karatasi na mtu vinakutana, na filamu inapata pumzi.

Na mandhari ya leo ni zawadi tupu. Katani nyeupe ikiwa imeanikwa juani, korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, ikinguruma na kumwaga maji ya kijani, reli ya zamani ikipita katikati ya shamba. Sauti ya korona peke yake inaeleza ukubwa wa kazi kuliko aya nzima ya masimulizi. Ombeni kurekodi sauti hiyo kwa dakika kadhaa bila mtu kuongea. Itawafaa sana wakati wa kuhariri.

Shule ya Tanga ndiyo ngumu zaidi kwa macho. Majengo, picha za darasa, na basi. Utajiri wake uko kwenye maandishi. Ndipo lilipochapishwa gazeti la Kiongozi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, likiandikwa kwa Kiswahili na walimu na makarani waliotawanyika hadi bara. Na ni Tanga hiihii ambako mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TATACSA, ambacho wanahistoria wengi wanakihesabu kama mtangulizi wa TAA (Tanganyika African Association), na TAA ndiyo iliyozaa TANU. Kwa mtu anayejali siasa za nchi hii, hapo pana shina. Lakini shina hilo liko kwenye kurasa, na msipopata nakala za kurasa hizo mkononi mtabaki mnapiga picha ukuta wa shule.

Hadithi imeshasimuliwa na nani

Vita vya Tanga vimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara msimulizi ni jenerali au mwanahistoria wa kijeshi wa Ulaya. Aitken alizembea, Lettow-Vorbeck alikuwa mjanja, nyuki walitoka kwenye mizinga, Waingereza wakaacha bunduki mamia na bombomu (bunduki za rashasha) 16. Kundi likichukua njia hiyo litatoa muhtasari wa Kiswahili wa kitu kilichopo tayari kwenye lugha nyingine, wenye muziki wa huzuni chini yake. Nasema hivi kwa sababu naipenda historia hiyo na naona inastahili zaidi.

Swali linalostahili ni hili: Waafrika walikuwa wapi ndani yake, na majina yao yako wapi? Askari waliopigana upande wa Wajerumani, wapagazi wa pande zote mbili katika miaka minne iliyofuata, wenyeji ambao mji wao uligeuzwa uwanja wa vita. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa chini ya Uingereza, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Klabu inayosimama makaburini Tanga na ripoti hiyo mkononi, ikasoma majina yaliyopo na kuuliza yasiyokuwepo, imepata filamu yake yenyewe. Njia hiyo ikifuatwa, vita vinapanda daraja na kukaribia mkonge.

Mkonge haujasimuliwa vya kutosha kwa sauti za waliokata. Wachumi wameandika, wanasiasa wameandika, na neno manamba limebaki mitaani likimaanisha mtu duni asiye na thamani. SILABU, ofisi ya kuajiri iliyoundwa na wenye mashamba mwaka 1944, ilisomba watu kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kila mmoja alikuwa na sababu iliyomwondoa nyumbani: kodi ya kichwa, mahari, njaa, ugomvi na baba, au hamu tu ya kuona treni. Sababu hizo ndizo filamu. Mwanafunzi akimuuliza mzee "ulipopanda lori, nani alikusindikiza?" anagusa kitu ambacho hakimo kwenye jalada lolote la serikali.

Shule imesimuliwa kwa fahari, na fahari huwa inafunika. Ulizeni pia nani hakuruhusiwa kuingia, wasichana walikuwa wapi, na elimu hiyo ilikusudiwa kumtumikia nani.

Muda, nauli na vifaa

Vita na shule zinawezekana kwa muhula mmoja, kwa kundi la wanafunzi sita hadi wanane, bila kulala nje. Kwa mkonge Muheza iko chini ya kilomita 50 kutoka Tanga mjini na Korogwe ni karibu 100, na safari moja haitoshi. Ziara ya kwanza msiende na kamera kabisa. Nendeni mkasalimie, mjulikane ni watoto wa nani na mnasoma wapi, mrudi. Kambini watu wamezoea kuona wageni wenye kamera na ahadi, na wana haki ya kuwa na wasiwasi. Wazee wengine watadhani mmekuja kwa habari ya mafao yao. Waelezeni wazi kwamba ninyi ni wanafunzi, hamna fedha wala uwezo wa kufuatilia madai, ila mtaisikiliza habari hiyo pia wakitaka kuisema. Kiongozi wa klabu asithubutu kutoa ahadi ili apate mahojiano.

Zawadi? Msiende mikono mitupu nyumbani kwa mzee, hiyo ni adabu tu. Sukari, majani ya chai, mche wa sabuni. Kulipa fedha kwa ajili ya mahojiano sikubaliani nako, maana ukilipa wa kwanza, wa tano ataanza kukusimulia anachodhani unataka kununua.

Kuhusu simu au kamera ya kuazima: kwa mada zote tatu simu nzuri inatosha, na kamera ya kuazima ambayo hakuna anayeijua ni hatari kuliko simu. Fedha kidogo mliyo nayo ipelekeni kwenye maiki ya kubana shatini. Ras Kasone kuna upepo wa bahari ambao utameza kila neno, na karibu na korona mtu hasikiki hata akipiga kelele, kwa hiyo mhoji mzee mbali na mashine, chini ya mwembe au ndani ya nyumba karibu na dirisha. Laza simu, iweke kwenye hali ya ndege ili isiite katikati ya machozi ya mtu, na usimsogelee kwa kukuza picha. Sogea wewe mwenyewe. Dakika moja ya video ya 1080p hula kati ya MB 60 na 130 kutegemea simu, maana yake saa moja ya mahojiano ni kati ya GB 4 na 8. Simu ya GB 64 iliyojaa picha za mahafali haitafika hata nusu. Hamisheni rekodi jioni ileile, kwenye vitu viwili tofauti, kabla ya kufuta chochote. Kuhariri, CapCut kwenye simu inatosha kwa filamu ya dakika kumi na tano. Mkiwa na kompyuta yenye nguvu, DaVinci Resolve ina toleo la bure.

Lugha pia iwe kwenye hesabu. Kiswahili cha mzee wa Kiha aliyekaa Tanga miaka sitini ni kitamu, lakini akifika kwenye kuaga kwa mama yake huenda akarudi Kiha bila kujua. Msimkatize. Maandishi ya chini ya picha yatafanya kazi, na mtaje aliyetafsiri.

Ruhusa

Mjini, makaburi na ufukwe hazina shida kubwa mkiwa na barua ya mkuu wa shule na mkipita ofisi ya serikali ya mtaa. Bandari na miundombinu ya reli ni habari nyingine, msielekeze kamera huko bila kibali cha wenyewe. Shamba la mkonge ni mali ya mtu au ushirika, kwa hiyo barua mbili: ya uongozi wa shamba na ya serikali ya kijiji. Droni isahauni, vibali vyake vitakula muhula wote. Filamu ikikusudiwa kuonyeshwa hadharani, Bodi ya Filamu inahusika, na afisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kumuona kwanza.

Ridhaa ya mzee mwenyewe ndiyo ruhusa nzito kuliko zote. Mwambieni filamu itaonyeshwa wapi, ikiwa pamoja na mtandaoni, ambako haifutiki, kisha rekodini akikubali kwa maneno yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia sura na sauti ya mtu. Akirudi kesho na kusema ile sehemu ya mke wa kwanza iondoeni, iondoeni, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo, kundi lipi lichukue nini

Kundi la Tanga mjini lenye muhula mmoja, nauli kidogo na mwandishi hodari, lichukue vita vya 1914, kwa sharti la kuanzia makaburini na kuwatafuta wasioandikwa. Kundi la shule kongwe yenye picha za ukutani, daftari za mahudhurio za zamani na walimu wastaafu jirani, lichukue historia ya shule yake, hata kama si Shule ya Tanga. Dakika nane zinatosha, na sauti za wazee wawili zinazopingana kuhusu mwalimu mkuu mmoja zitalipa kazi yote. Kundi la Muheza, Korogwe, Pangani au popote penye kambi ya mkonge lisihangaike kutafuta mada. Liende kwa bibi na babu, muhula huu huu, likianza na aliye mzee zaidi na mwenye afya dhaifu zaidi, hata kama mpango wa filamu haujakamilika. Mpango unaweza kuandikwa baada ya rekodi.

Na chochote mtakachochagua, msibaki na filamu pekee. Filamu ya dakika ishirini hutoka kwenye saa kumi za mahojiano, na hizo saa kumi ndizo historia yenyewe. Andikeni jina la msimulizi, kijiji, tarehe na jina la aliyehoji kwenye kila faili, kisha, kwa ridhaa ya wasimulizi, pelekeni nakala nzima Makumbusho ya Urithi na Maktaba ya Mkoa. Nakala nyingine irudi kambini kwenye flashi, mikononi mwa familia ya msimulizi, pamoja na siku ya kuionyesha hukohuko kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe.